Stesheni ya Lubunga: nyumba ya zamani, kazi mpya



Kwa toleo hili nimeombwa niandike juu ya stesheni ya treni ya Lubunga, ile ya rive gauche, kwa sababu wazo la kuomba sehemu yake iwe depo na soko limeanza kutembea kati yetu, na kila mtu iko na maoni yake. Sisi wa Bangboka tunakaa kando ya kiwanja cha ndege, ng'ambo nyingine kabisa ya mji, na mtu anaweza kuuliza: habari ya treni inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu wengi katika chama hiki walitokea njia ya Ubundu, au wana mashamba na ndugu huko. Mupunga wao, mafuta ya mawese na makala vinashuka kwa njia ile ile ya reli. Na kuna sababu nyingine, ya mwaka 1997, ambayo nitaifikia. Mbele ya kuzungumza juu ya bati na rangi, ni vizuri tujue nyumba hiyo ilijengwa juu ya kazi gani.

Mwanzo wa habari yote ni mto. Meli inayotoka Kinshasa inapanda karibu kilometa 1,700 mpaka hapa Singa Mwambe, kisha inasimama. Haiwezi kuendelea, kwa sababu mbele iko na maporomoko saba ya Boyoma, yaliyopangana kwa karibu kilometa mia kuanzia Ubundu mpaka kwa Wagenya. Zamani, mwenye kupita alikuwa na njia mbili tu: kuwaomba Wagenya, wenye kujua maji yale, wavushe mitumbwi kipande kwa kipande, ao kupakia mizigo vichwani mwa watu na kutembea msituni. Wafanyabiashara wa Tippu Tip walipita hivyo. Njo wao walioleta lugha hii ninayoandika. Kisha serikali ya Mfalme Leopold nayo ikapita hivyo, na mizigo yake ikabebwa na watu ambao hawakuulizwa kama wanataka.

Mwaka 1902 ikaundwa kampuni ya reli ya CFL, ya tajiri Édouard Empain kutoka Ubelgiji. Ni mtu yule yule ambaye kampuni yake ilijenga metro ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1900. Mkataba wake na Leopold haukuwa wa reli peke yake: kampuni ilipewa pia hektari milioni 4 za ardhi. Hapo njo tunaona vizuri mambo. Hektari milioni 4 za msitu hazikuwa tupu, zilikuwa na vijiji, mashamba, makaburi na mito ya kuvulia samaki. Kazi ya kutandika reli ilianza mwaka 1903, na tarehe 1 Septemba 1906 njia ya Stanleyville mpaka Ponthierville, kilometa 125, ikafunguliwa. Majina ya wakubwa wa kampuni yako katika vitabu. Ya wale waliokata msitu na kubeba vyuma mabegani, mutayatafuta sana.

Reli iliwekwa upande wa kushoto wa mto, na mji wa wazungu ukakua upande wa kuume. Hali hiyo ya mwaka 1906 inatutesa mpaka leo. Stesheni, mahangari na karakana zikawa Lubunga. Ofisi, benki na maduka makubwa yakawa ng'ambo. Mpaka sasa hakuna daraja juu ya mto mkubwa hapa Kisangani. Kila gunia linaloshuka kwenye reli linapaswa kuvushwa kwa mtumbwi ao kivuko kabla ya kufika sokoni, na kila mkono unaogusa gunia unaomba chake.

Kwa muda wa miaka mingi nyumba ile ilikuwa mlango wa safari moja ya ajabu. Mtu alipanda treni Stanleyville mpaka Ponthierville. Hapo alishuka, akapanda meli mpaka Kindu. Kindu akapanda treni mpaka Kongolo. Kongolo tena meli mpaka Kabalo. Kabalo treni mpaka Albertville, mji tunaouita leo Kalemie, kipande kilichomalizika mwaka 1915. Kalemie akavuka ziwa Tanganyika kwa meli mpaka Kigoma, na Kigoma kulikuwa na treni iliyojengwa na Wadachi mpaka Dar es Salaam. Treni nne, meli tatu, na mtu aliyeanza safari kwenye mto Kongo alikuwa anaangalia bahari ya Hindi. (Daraja la Kongolo lilipojengwa mwaka 1939, meli moja ikaondoka katika hesabu.) Wazee wanaposema kwamba Lubunga ilikuwa karibu na Dar kuliko Kinshasa, wanazidisha kidogo, lakini si sana.

Hata watu wa sinema walipita pale. Mwaka 1951 mzungu John Huston alikuja kupiga filamu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, na Katharine Hepburn na Humphrey Bogart wakafika msituni kwa njia ile. Ninataja hilo kwa sababu wageni wakija hapa, mara nyingi njo habari pekee wanayoijua ya reli yetu. Mimi ninafikiri iko na habari zenye uzito zaidi.

Baada ya uhuru majina yalibadilika: mwaka 1966 Stanleyville ikawa Kisangani, na Ponthierville ikawa Ubundu. Mwaka 1974 reli za nchi ziliunganishwa katika kampuni moja ya Leta, ambayo leo tunaiita SNCC. Kipande chetu kilibaki yatima. Reli ya Kindu mpaka Kalemie ilikuwa imepanuliwa mwaka 1955 ili iungane na reli ya Katanga. Ya kwetu ikabaki na upana wake wa zamani wa meta moja. Kwa hiyo kichwa cha treni ao behewa la kusini haliwezi kutembea juu yake, na kikiharibika chombo hapa, haiko jirani wa kukuazima. Ni jambo dogo, sentimeta 6 na kidogo, lakini ndani yake kuna sehemu kubwa ya maelezo juu ya nini treni inapita mara chache, na mara nyingine inakaa muda mrefu bila kupita. Katikati ya treni na treni, njia inabaki ya vijana wanaosukuma kinga zilizojaa mizigo, siku nyingi, kutoka Ubundu mpaka mjini.

Sasa nifike 1997.

Mwezi wa Machi wa mwaka ule, baada ya kambi ya Tingi-Tingi kuanguka, wakimbizi wa Rwanda wapatao makumi ya maelfu walivuka mto Ubundu na kufuata reli kuja Kisangani. AFDL ilikuwa imeingia mjini tarehe 15 Machi. Wakimbizi hawakuruhusiwa kuvuka. Walisimama kando ya reli, na kambi zao zikaitwa kwa kilometa: Lula kilometa 7, Kasese kilometa 25, Biaro kilometa 41. Walikuwa wagonjwa, wenye njaa, wengi watoto. Kuelekea mwisho wa Aprili kambi za Kasese na Biaro zilishambuliwa, watu wa misaada walizuiwa kufika, na wale waliobaki hai walitawanyika msituni. Kisha shughuli ya kuwarudisha ikaanza: treni iliwaleta kutoka kilometa 41 mpaka Lubunga, wakavushwa mto, wakapandishwa ndege za kwenda kwao. Tarehe 4 Mei 1997 treni moja ilifika kutoka Biaro ikiwa imejazwa kupita kiasi. Ndani ya mabehewa watu 91 walikuwa wamekufa, wamekanyagwa na kukosa hewa. Walikuwa njiani kurudi nyumbani.

Chama chetu ni cha watu waliorudi. Kila mmoja wetu anajua ile safari ambayo wakubwa wanaihesabu kwa vichwa: leo tumerudisha wangapi. Siwezi kuandika juu ya kuipa stesheni ile maisha mapya bila kuandika namba hii 91, na ninaomba mtu yeyote atakayechora mpango wa depo aiandike pia. Si lazima jiwe kubwa. Lakini haifai vilevile watu wauze mupunga mahali pale miaka ishirini, na watoto wao wasijue ni nini ilishuka kwenye reli ile.

Nyumba ile haikupumzika baadaye. Mwezi wa Juni 2000, vita vya siku sita kati ya jeshi la Rwanda na la Uganda vilibomoa mji wetu, na kila jamaa hapa inajua ni nani ilimzika. Tena kuanzia Februari 2023, mgogoro wa ardhi ulioanzia ng'ambo ya Lubunga uligawanya majirani, Wambole na Walengola, watu waliokuwa wanaoleana. Nyumba zikachomwa, na maelfu wakavuka mto kulala katika shule na makanisa ya rive droite. Wengine wamerudi, wengine wanaogopa bado. Mahali pa pamoja kule Lubunga, ambapo hapana shamba la ukoo wa mtu, pamepungua sana. Stesheni ni mojawapo ya pale panapobaki. Haikuwa ya Mmbole wala ya Mlengola. Ilikuwa ya kampuni, kisha ya Leta. Kwangu hii ni sababu yenye nguvu kuliko uzuri wa kuta zake.

Wafadhili wengine waliniandikia wakiuliza kama jambo hili limefanyika mahali. Limefanyika, na kwa namna mbalimbali. Mfano ulio karibu na sisi kwa sheria na kwa feza ni Utexafrica ya Kinshasa, kule Ngaliema, barabara ya Colonel Mondjiba. Kiwanda kile cha vikwembe kilianza katika miaka ya 1920 na jina la Utexléo. Mama zetu walivaa vitambaa vyake. Kikauawa polepole na nguo za bei ya chini kutoka inje, na mwaka 2007 mashine zilisimama kabisa, wafanyakazi wakabaki bila kazi. Kampuni mama, Texaf, haikuuza vyuma na kuondoka. Ilijenga nyumba za kupangisha na ofisi juu ya uwanja ule, na katika majengo ya kiwanda yenyewe ikafungua Silikin Village, mahali pa vijana wa kompyuta na wenye kuanzisha biashara, pamoja na Bilembo, nyumba ya sanaa ambapo watoto wa shule wanapelekwa kuona kazi za wachoraji wa nchi. Kuta zilisimama, kazi ikarudi, na hilo si kidogo.

Lakini tuseme ukweli wote. Pale mwenye uwanja alikuwa mmoja na karatasi zake zilikuwa safi. Umeme ulikuwako, na wapangaji wenye dola walikuwako. Na uwanja ule uko na ukuta na mlinzi. Mama wa kuuza ndizi wa kando ya barabara anaona kiwanda kimepona, lakini haingii bila kuulizwa anaenda wapi. Kwa Kinshasa labda inafaa. Kwa Lubunga, ambapo shida yenyewe ni watu kufungiana milango, haifai.

Nairobi walifanya kwa njia ingine. Kando ya stesheni yao walifungua makumbusho ya reli mwaka 1971, na humo wakaweka vichwa vya treni vya zamani na lile behewa ambamo simba alimchukua mkubwa wa polisi wa reli, Ryall, pale Kima mwaka 1900. Baadaye wachoraji vijana walipata nafasi ya kufanya kazi ndani ya mabehewa ya zamani palepale. Ninapenda hilo la wachoraji kuliko simba, kwa sababu behewa lilirudi kuwa mahali pa kazi. Makumbusho peke yake yanahitaji wageni wenye kulipa, na Kisangani wageni wenyewe ni wangapi? Ninajua kwamba makumbusho yanapendeza katika picha za ripoti. Lakini mkulima anayefika jioni kutoka kilometa 80 na magunia mawili juu ya kinga hatafuti picha. Anatafuta pakavu pa kulaza mzigo wake mpaka bei ya asubuhi.

Hapo njo mzizi wa wazo lote. Mtu asiye na depo anauza kwa bei ya mnunuzi. Anayengoja kwenye kivuko anajua kwamba mvua inakuja, kwamba mkulima iko na njaa, na kwamba gunia likilowa ni hasara, anatulia tu. Siku moja ya kulaza mzigo chini ya bati zuri, na mizani inayoaminika, na daftari linaloonyesha nani aliweka nini, inabadilisha nani anamngoja nani. Hangari ya stesheni ilijengwa kwa kazi hiyo hiyo ya kukinga mzigo kati ya treni na mto. Tofauti ni kwamba ilikinga mali ya kampuni. Kwa hiyo hatuombi nyumba ijifunze kazi ya kigeni. Tunaomba kazi yake ya zamani ifanywe kwa ajili ya watu wengine.

Kuna mambo matatu ambayo yananipa wasiwasi, na ningependa tuyazungumze kwa sauti kabla ya kutoa franga hata moja.

Kwanza ni karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Leta. Mtu ao kampuni inapewa haki ya kuutumia. Stesheni iko mikononi mwa SNCC. Chefu wa kartie hawezi kutupatia, hata kama anatupenda. Bourgmestre wa komini vilevile hawezi. Wakubwa wote hao tunapaswa kuwasalimia na kuwaeleza, lakini sahihi inayohesabika ni ya SNCC, kwa mkataba wa kupanga wenye miaka, eneo na masharti yaliyoandikwa. Nimeona miradi ya misaada, si hapa peke yake, ambapo nyumba ilitengenezwa vizuri na mwenye karatasi akatokea siku ya kukata utepe. Kuna pia sheria ya tarehe 15 Machi 1971 ya kulinda mali ya utamaduni, ambayo inaweza kutumiwa ili jengo lisibomolewe kwa kuuzia watu matofali. Hiyo ni njia ndefu. Tuianze sambamba, tusiingojee.

Pili ni treni yenyewe. Wengine wanazungumza kama vile reli imekufa na sisi ni warithi. Haikufa. Ikipata kichwa kizuri cha treni na vyuma vya kubadilisha, hakuna kitu kitakachosaidia mkulima wa Ubundu kuliko yenyewe, hata depo letu halifikii hapo. Basi tusiombe chumba cha tiketi, tusiombe njia wala karakana. Tuombe hangari moja inayokaa bure, na mkataba uandike wazi kwamba siku treni ikirudi na kuhitaji nafasi, tutajibana. Depo lililo kando ya treni inayotembea linafaa mara kumi kuliko depo ndani ya kaburi la treni.

Tatu, nani atashika ufunguo? Ninasema kwa uwazi kwa sababu wafadhili wanapenda kuuliza juu ya kamati, na sisi tunapenda kujaza fomu. Kamati ya watu wa upande mmoja itachoma kazi yote. Ninaona ufunguo mbili kwa kufuli mbili, mmoja kwa Mmbole na mmoja kwa Mlengola, na mizani ishikwe na mtu wa tatu ambaye wote wanamkubali, hata kama ni mtu wa toleka anayekaa pale kila siku. Wa Bangboka tusiwe wenye nyumba. Sisi tulete uzoefu wetu wa daftari na michango, na feza tuliyopewa, kisha tukae kama wageni wanaosaidia.

Kuhusu gharama, sitaandika namba hapa, kwa sababu fundi wa kuaminika hajapanda bado kuangalia mbao za juu. Kazi hiyo iko ya kwanza. Barua ya kuomba ruhusa ya ukaguzi kwa SNCC imeandikwa na itasomwa katika kikao cha mwezi ujao, hapa Bangboka, mbele ya kutiwa sahihi. Wanachama wenye jamaa Lubunga wanaombwa waje na jambo moja: majina ya wazee wa kike na wa kiume waliofanya kazi stesheni ao waliokaa kando yake mwaka 1997, na ambao wanakubali kuzungumza. Tutaenda kuwasikiliza kabla ya fundi kupanda juu ya bati.